VIMEMO VYA SHULE: MTOTO WA KIGOGO ANAHAMIA MJINI, WA KWAMSISI ANAAMBIWA "NAFASI ZIMEJAA"

Kila mwaka ni muvi ile ile, wanabadilika waigizaji tu. TAMISEMI inatoa orodha ya waliochaguliwa kidato cha tano, tovuti inaelemewa, magrupu ya WhatsApp yanawaka moto, na steshenari za Chanika pale Handeni na zile za jirani na stendi ya Korogwe zinajaa wazazi wanaosubiri kuprintiwa fomu za kujiunga. Kuna wanaocheka, kuna wanaolia, kuna wanaouliza Katavi ni wapi. Zinapita wiki mbili tatu, kelele zinakwisha, watu wanarudi kwenye ubuyu wao wa mastaa.

Na hapo ndipo mchezo wenyewe unapoanza. Mchezo unaitwa kimemo.

Kwa asiyejua, kimemo zamani kilikuwa kikaratasi. Siku hizi ni meseji, au simu ya sekunde 40 kutoka kwa mtu mzito kwenda kwa mkuu wa shule: "Mwalimu, kuna kijana wangu anakuja hapo Jumatatu, naomba umuangalie." Basi. Hakuna muhuri, hakuna sahihi, hakuna tishio. Ila mwalimu kaelewa, na kijana kapata kitanda.

Hatajwi mtu hapa. Na wala hakuna shule ya Handeni au Korogwe inayonyooshewa kidole kwamba imefanya hivyo. Hoja ni mbaya kuliko hiyo. Mfumo ulivyo, hakuna mtu wa nje anayeweza kuthibitisha kwamba mkuu wa shule fulani anapokea vimemo, na hakuna anayeweza kuthibitisha kwamba hapokei. Mwadilifu na mla rushwa wanafanana sura. Wote wawili wanasema maneno yale yale mlangoni: nafasi zimejaa.

KUCHAGULIWA KUKO WAZI, KUHAMA NI SIRI

Lazima haki itendeke kwanza kwa serikali. Kwenye kuchagua, mambo yamenyooka kuliko zamani. Mtoto wa darasa la saba anafanya mtihani wa taifa, alama zinatoka, na wenye alama za juu ndio wanapelekwa shule za vipaji maalum kama Ilboru, Kibaha, Mzumbe, Kilakala, Msalato na zile mbili za Tabora. Wanafuata wa shule za ufundi na za bweni, halafu kundi kubwa linabaki shule za kutwa karibu na nyumbani. Kwenye kidato cha tano, mwanafunzi anajaza machaguo yake kwenye mfumo wa Selform, na tangu 2024 tahasusi zimefika 65, ambapo 49 ni mpya. Majina yanawekwa mtandaoni. Mtu wa Mombo anaweza kuona mtoto wa jirani yake kapelekwa wapi, anasoma tahasusi gani. Safi kabisa.

Sasa ngoja mtoto atake kuhama.

Mzazi anaandika barua. Mkuu wa shule anakotoka mtoto anasaini. Mkuu wa shule anakokwenda anatakiwa aseme nafasi ipo. Halafu karatasi zinapanda ofisi za elimu, wilayani hadi mkoani. Kwenye karatasi inaonekana ina hatua nyingi, ila ukweli ni kwamba ngoma nzima inachezwa kwenye maneno mawili ya mtu mmoja: "nafasi ipo". Idadi ya vitanda anaijua yeye. Idadi ya wasioripoti anaijua yeye. Nani kaomba kabla ya nani, anajua yeye. Na mwisho wa mwaka hakuna orodha yoyote inayobandikwa kusema wamehamia watoto wangapi, kutoka wapi, kwa sababu gani, na nani kasaini.

Yaani serikali inaweka mlango wa mbele wa vioo, halafu mlango wa nyuma inaupaka rangi nyeusi.

Na kuna tundu jingine ambalo watu wengi hawalifikirii. Mwanafunzi asiyeripoti ndani ya muda uliopangwa anapoteza nafasi yake. Kwa nini hakuripoti? Mara nyingi si ujeuri. Mtoto wa Kwamsisi aliyepangiwa mkoa wa mbali anahitaji nauli, godoro, sanduku, sare, na mzazi anasubiri mahindi yauzwe. Wakati baba anahangaika, siku zinakatika. Nafasi inabaki wazi. Ipo chaguo la pili la TAMISEMI, sawa, ila kati ya siku nafasi inapoachwa wazi na siku inapojazwa kuna ukimya, na ukimya huo ndio unaotafutwa na wenye vimemo. Kwa hiyo umaskini wa mtoto mmoja unaweza kugeuka kuwa kitanda cha mtoto wa tajiri, na hakuna atakayeiba chochote mchana kweupe.

CHUKULIA WATOTO WAWILI

Chukulia mfano wa kutunga. Mabinti wawili, wote wa mkoa wa Tanga, wote wamepangiwa shule moja ya mbali. Wa kwanza ana pumu. Baba yake mkulima wa mahindi Handeni. Anapanda bodaboda mpaka Chanika, anaunga gari mpaka Korogwe, kilomita 65 hivi za lami, kashika bahasha ya kaki yenye vyeti vya hospitali. Anafika shuleni saa 5 asubuhi, anaambiwa mkuu yuko kikaoni. Anakaa chini ya mti mpaka saa 9. Anaonana na makamu, anaambiwa nafasi zimejaa, aache namba ya simu. Anaacha. Simu haipigwi.

Wa pili haumwi kitu. Mama yake ana cheo mahali, hataki mtoto akae mbali, na bweni la kule kaona picha zake hakulipenda. Wiki ya pili binti anashuka kwenye gari na godoro lake jipya, ndoo mbili na kreti la soda la kuwashukuru walimu.

Mfano wa kutunga, lakini ni mzazi gani wa Korogwe au Handeni atakayeusoma aseme hajawahi kusikia kitu kama hicho? Labda maneno ya vijiweni ni uongo mtupu. Basi itolewe orodha, vijiwe vinyamaze.

BINTI WA CHALINZE ALIKUWA NA KAMERA

Wadau wa mtandaoni wanakumbuka mwaka 2022. Binti wa darasa la saba kutoka Chalinze, mkoa wa Pwani, alionekana kwenye video akilalamika kwamba amebadilishiwa namba yake ya mtihani, kapewa ya mtu mwingine. Nchi nzima ilisimama. Mastaa wakaposti, wabunge wakaongea, kila mtu akawa mwanasheria. Baraza la Mitihani likachunguza, likabaini kweli namba zilichezewa, na kituo kikafungiwa.

Kwenye elimu ya Tanzania namba ndiyo mtoto mwenyewe. Namba ikichezewa, alama zinakwenda kwa mwingine, na alama zikienda kwa mwingine, shule inakwenda kwa mwingine, na maisha pia. Yule binti aliliona hilo akiwa na umri mdogo kuliko wengi waliomtetea.

Ila swali gumu ni hili: bila ile video ingekuwaje? Chalinze iko barabara kuu, Dar ni pua na mdomo. Mtoto wa Mashewa au Bungu kule milimani Korogwe, mwenye simu ya tochi nyumbani, analalamika wapi? Nani atamrekodi? Nani atamposti? Haki inayosubiri itrendi ni bahati nasibu tu. Waliomsaidia binti wa Chalinze walifanya jambo kubwa, lakini wakishangilia ushindi na kulala, wamemsaidia mmoja na kuacha mtego ule ule kwa waliobaki.

CHEMBA, WAKUBWA WALIKOSEA, WATOTO WAKARUDIA MTIHANI

Kuna wanaosema tatizo ni walimu wakuu wenyewe, wafukuzwe tu. Wasikilize ya Chemba, mkoa wa Dodoma. Oktoba 2018 Baraza la Mitihani lilifuta matokeo ya darasa la saba ya shule zote za wilaya ile, baada ya kubaini mtihani umevujishwa. Waliouvujisha walikuwa watu wa elimu wenyewe. Watoto ambao hawakujua lolote wakarudishwa kwenye viti kufanya mtihani upya mwezi ule ule.

Mtu mzima anavujisha mtihani wa mtoto kwa faida gani? Faida ni sifa. Wilaya ipande, mkoa upande, bosi asifiwe kikaoni. Baraza la Mitihani liliacha kutangaza kumi bora, na kuanzia matokeo ya kidato cha nne yaliyotoka Januari 2023 ule wimbo wa shule bora na mwanafunzi bora kitaifa ukazimwa. Hatua nzuri. Lakini maofisini wastani wa ufaulu bado ndiyo mjeledi. Mkuu wa shule anaitwa, anasimamishwa mbele ya wenzake, anaulizwa kwa nini kashuka.

Mtu anayepimwa kwa ufaulu peke yake anajifunza haraka kwamba njia rahisi ya kupandisha wastani ni kuchagua watoto. Mwenye alama nzuri anayetaka kuhamia, karibu. Dhaifu anayeomba kuhamia kwa sababu mama yake anaumwa, nafasi zimejaa. Hapo hata kimemo hakihitajiki. Mkuu hajala hata senti tano, na bado kamuonea mtu.

MKUU WA SHULE NAYE ANA YAKE

Sasa tusiwe wa kulaumu tu. Elimu bila ada ilianza Januari 2016, na ni jambo ambalo limeingiza darasani watoto ambao wangekuwa wanachunga ng'ombe au wanauza karanga stendi. Ruzuku iliyopangwa kwa mwanafunzi wa sekondari ni shilingi 25,000 kwa mwaka, na nusu yake ni ya vitabu. Inabaki 12,500. Shule ya wanafunzi 600 hapo inapata milioni 7 na nusu kwa mwaka, sawa na 625,000 kwa mwezi, kwa ajili ya chaki, karatasi za mitihani, umeme, maji, na vitasa vya milango vinavyong'olewa. Shule ya kutwa inarudishiwa na ada ya 20,000 kwa mtoto kwa mwaka, ile iliyofutwa. Kuna staa wa Bongo anamaliza hela hiyo ya mwezi kwenye keki moja ya bethidei, na picha anaposti.

Mkuu huyo huyo anapewa posho ya madaraka ya 250,000 kwa mwezi, na anatakiwa awe mhasibu, fundi, baba, polisi na mwalimu. Januari 2018 Rais Magufuli alipiga marufuku michango mashuleni, na wengi walishangilia, kwa sababu kweli kulikuwa na shule zilizogeuza michango kuwa ada ya kificho. Lakini pengo la hela halikuzibwa na tamko.

Basi mkuu wa shule ya aina hii anahitaji marafiki. Na rafiki anayeweza kumpatia lori la saruji, madawati 50, au kumtetea asihamishiwe porini, ndiye huyo huyo anayepiga simu ya sekunde 40. Atakataaje? Akikataa leo, kesho kwenye kikao anaambiwa "huna ushirikiano". Neno hilo kila mwalimu wa Tanzania analijua maana yake. Maana yake anza kufunga mizigo.

Ndiyo maana kumlaumu mkuu wa shule peke yake ni kuonea punda kwa mzigo aliobebeshwa. Anayepokea kimemo akikamatwa, Tume ya Utumishi wa Walimu ipo, atapewa hati ya mashtaka, atashushwa cheo. Aliyetuma kimemo, je? Huyo anaendelea kukata utepe kwenye mahafali na kuwahubiria watoto kuhusu uadilifu. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007, kifungu cha 31, inasema matumizi mabaya ya nafasi ni kosa. Haisemi kosa la mdogo tu.

"MADARASA HAKUNA" IMEPITWA NA WAKATI

Zamani jibu la kila swali lilikuwa uhaba wa madarasa. Watoto wamefaulu lakini wanasubiri chaguo la pili kwa sababu hakuna pa kukaa. Mwaka 2021 zikaja zile fedha za mkopo wa IMF za kukabiliana na UVIKO, shilingi trilioni 1.3, zikajengwa madarasa 15,000, kati yake 12,000 ya sekondari. Januari 2022 waliofaulu wakaingia kidato cha kwanza kwa mkupuo mmoja. Hongera zao waliosimamia.

Lakini hapo hapo tatizo likahama. Zamani watu waligombania kuingia shule. Sasa wanagombania shule yenye mwalimu wa fizikia. Wanagombania bweni ili binti asipange geto kwa wenye nyumba wa mtaani. Wanagombania maabara yenye vifaa. Darasa jipya lenye vigae na dirisha la aluminiamu bila mwalimu wa hesabu ni picha ya kuposti tu. Na kadiri shule nzuri zinavyokuwa chache kuliko watoto, ndivyo neno "nafasi" linavyopanda bei.

KINACHOTAKIWA HAKIHITAJI MKOPO

Kwanza, orodha ya waliohama itolewe kama inavyotolewa ya waliochaguliwa. Mwanafunzi katoka wapi, kaenda wapi, lini, sababu ya jumla: ugonjwa, mzazi kahamishwa kikazi, yatima, usalama. Hakuna haja ya kuandika mtoto anaumwa nini. Anayesema hiyo ni kuingilia faragha aeleze kwa nini majina kamili ya waliochaguliwa yanawekwa mtandaoni kila mwaka bila mtu kulalamika.

Pili, idadi ya vitanda na viti vilivyo wazi ibandikwe getini na ofisi ya kata, isasishwe kila wiki kwa miezi miwili ya kwanza. Baba mwenye bahasha ya kaki asilipe nauli kwenda kusikia uongo, na kama ni kweli zimejaa, ajue akiwa kwao.

Tatu, kila anayekataliwa apewe karatasi yenye sababu na jina la aliyemkataa. Mtu akijua jina lake linabaki kwenye karatasi, "hapana" inakuwa nzito mdomoni.

Nne, ruzuku iliyoingia na ilivyotumika ibandikwe kwenye ubao wa matangazo, na bodi ya shule iisome mbele ya wazazi. Bodi nyingi zina watu wazuri wanaoitwa kunywa soda na kusaini mihtasari. Mzazi wa kijijini anayeuliza swali moja la hela anafaa kuliko waheshimiwa kumi wanaopiga makofi.

Tano, simu za wakubwa ziandikwe kwenye daftari. Nani kapiga, kamwombea nani, saa ngapi. Hili peke yake litaua nusu ya vimemo, kwa sababu nguvu ya kimemo ni kutokuandikwa.

Kuna watakaosema uhamisho mwingine ni wa haki kabisa. Kweli, na hao ndio watakaofaidika zaidi. Mtoto mgonjwa, mtoto aliyefiwa, mtoto wa nesi aliyehamishwa kutoka Kilindi kuja Korogwe, hawa ndio wanaosukumwa nje ya foleni na wenye simu. Na mkuu wa shule mwadilifu, ambaye wapo wengi tu, atapata ngao. Akipigiwa, atasema: mheshimiwa, orodha iko ukutani, wazazi wameshaipiga picha.

WATU WA MJINI NAO WAMO

Vijana wa mjini wanapenda kusema "Bongo bila koneksheni hutoboi", wanacheka, wanaweka na emoji. Lakini aliyepata mchongo wa shule kupitia anko anasema ni bahati, akipata mwingine anasema ni rushwa. Wengi wanaolalamika kuhusu ajira za kupeana walianzia hapo hapo, kwenye kitanda cha bweni kilichopatikana kwa simu. Somo la kwanza walilofundishwa sekondari halikuwa baiolojia. Lilikuwa kwamba foleni ni ya wajinga.

Na aliyekaa kwenye foleni hakwenda mbali. Alipelekwa mbali akakosa nauli, akabaki nyumbani, leo anaendesha bodaboda Manundu au anauza machungwa kwenye madirisha ya mabasi Segera. Abiria wanaoshusha kioo kununua hawamjui. Labda mmoja wao amelalia kitanda chake miaka miwili.

Orodha itatoka tena, kama kawaida, na watu wataangalia nani kapangiwa wapi. Safari hii waangalie na mwezi mmoja baadaye. Waende getini na ofisi ya elimu wilayani, waulize kwa adabu na kwa maandishi: wamehamia wangapi, wametoka wapi, na nani kasaini?